Jumapili moja kila mwezi tunaenda bahari, nguo zinabaki chafu. Nyie mnatulizaje moyo?

MamaWatatu_Mbagala

Habari zenu jamani, na wakubwa wote shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani, nina banda hapa Mbagala Rangi Tatu. Nashona sare za shule na madera, kwa hiyo Desemba kuelekea Januari shule zinapofunguliwa, na wiki za kuelekea Idi, Jumamosi kwangu haipo kabisa. Mume wangu ni dereva wa lori la kwenda Tunduma. Anakaa nyumbani siku chache, anaondoka tena. Watoto watatu: wa kiume yuko darasa la sita, binti yuko la tatu, mdogo ana miaka minne. Dada wa kazi sina.

Mwaka jana mimi na baba yao tulikubaliana kwamba Jumapili moja kila mwezi, ile atakayokuwepo, hakuna kazi ya nyumba. Tunatoka wote. Tunapitia Kongowe mpaka Mjimwema, tunatafuta sehemu isiyo na kiingilio, tunatandika mkeka. Kurudi tunapitia pantoni ingawa ni kuzunguka, maana mdogo asipopanda pantoni anahesabu hajatoka. Tukishuka Magogoni tunasimama kidogo kuangalia samaki wanavyoshushwa, kisha tunatafuta gari la Mbagala. Gharama yake ni nauli, maji ya kunywa na mihogo. Chakula tunabeba.

Siku yenyewe ni nzuri. Shida yangu iko kwingine.

Mtaani kwetu maji ya bomba yanatoka mwisho wa wiki. Jumamosi niko bandani mpaka jioni, kwa hiyo kufua ni Jumapili, mimi na wanawake wote wa mtaa. Ikifika saa tatu asubuhi kila kamba ina mashuka. Kamba yangu ikiwa tupu, inaonekana. Wifi yangu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mara ya mwisho tumerudi saa moja usiku, miguu ina mchanga, mdogo amelala begani kwa baba yake, akaniambia mbele ya watoto: "Wenzio wanafua, wewe unaogelea." Sikumjibu, ni mkubwa kwangu. Lakini niliingia ndani nikavua kanga, nikaanza kufua, nikamaliza usiku wa manane. Kesho yake nimefungua banda mgongo hausemeki.

La pili ndilo linaniuma zaidi. Hata nikiwa pale pwani, mwili uko kwenye mkeka lakini kichwa kiko nyumbani. Soksi za shule. Unga umebaki kiasi gani. Sufuria niliyoacha imelowekwa. Mwanangu mkubwa alikuwa ananiita nimwangalie anavyopiga mbizi, ananiita tena, mpaka baba yake akanigusa ndiyo nikasikia. Na pale nimeenda kwa ajili yake!

Naomba msiniambie niache kutoka. Hilo halina mjadala. Mama yangu ametulea sita kwa kuuza maandazi, Mungu amlipe kila la heri, lakini sina kumbukumbu hata moja ya kukaa naye tu bila yeye kuwa na kazi mkononi. Sitaki wanangu waje kunikumbuka mgongo, nimeinamia beseni.

Naomba wenye uzoefu: moyo mnautulizaje? Na kwa vitendo, kazi gani mnaziacha kabisa na zipi mnazitanguliza?

MamaJunior_Mwanza

Shoga, jibu ni moja, tafuta dada wa kazi. Mimi tangu nimpate wa kwangu Jumapili ni ya watoto. Tunaenda kisiwa cha Saanane, ni hifadhi ya taifa tangu 2013, boti unapandia Capri Point na safari yenyewe ni fupi tu. Watoto wanaona swala, tumbili na pimbi wanaota jua juu ya mawe. Ziwani siwaruhusu kuogelea kwa ajili ya kichocho, lakini hawadai. Tukirudi jioni nyumba imeshadekiwa, nguo zimekunjwa. Moyo unatulia wenyewe.

Nesi_wa_Zamu

Mama Watatu, pole na hongera. Mimi ni nesi wodi ya watoto, nina wawili wangu, na zamu za usiku zimenifundisha kuzipanga kazi za nyumbani kwa swali hili: nikiiacha hii mpaka kesho, kuna mtu ataumwa?

Nguo chafu hazimuumizi mtu. Shuka lisilobadilishwa wiki moja, sakafu isiyodekiwa, nguo zisizopigwa pasi, vyote vinasubiri. Visivyosubiri ni vichache. Ndoo na mapipa ya maji yafunikwe, hasa kwenu mnaohifadhi maji wiki nzima, kwa sababu mbu wa dengi anataga humo humo ndani ya maji masafi, na Dar es Salaam tulishaona 2014 na 2019 inakuwaje. Mabaki ya chakula yatupwe. Jiko lihakikishwe limezimwa. Basi. Ukishafanya hayo, funga mlango uende.

Halafu la chakula mnachobeba. Wengi wanapika pilau alfajiri, wanaliweka kwenye chombo, linaliwa saa nane. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, na kama ni cha moto basi kibaki cha moto kweli, zaidi ya nyuzi 60. Hotpoti nzuri iliyojazwa na isiyofunguliwa hovyo inaweza kukusaidia, lakini ile ya kufunguliwa kila dakika haikusaidii. Wali hasa una kijidudu chake ambacho hata kuupasha tena hakuondoi sumu yake. Mimi nabeba chapati, karanga, machungwa. Hakuna cha kuharibika haraka na hakuna sufuria ya kurudi nayo.

Sasa swali langu kwako, na unijibu kweli: ukifika Mjimwema, wewe huwa unaingia majini? Au unabaki mkekani na mizigo?

DadaWaSinza

Samahanini, mimi mara nyingi nasoma tu, leo naomba niseme.

Mimi ni hao madada mnaoambiana mkawatafute. Nina miaka 23, nafanya kazi za ndani Sinza. Bosi wangu si mtu mbaya, ananilipa kwa wakati na ananiita mdogo wangu. Lakini Jumapili wakienda kucheza, mimi ndiyo nilikuwa nabaki na nguo zao. Wakirudi walikuwa wananionyesha picha kwenye simu. Mama Junior, sikusemi vibaya, ila umesema jioni nyumba imedekiwa. Imedekiwa na nani, na huyo yeye anapumzika siku gani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mfanyakazi apate mapumziko ya saa 24 kila wiki. Sisi wa majumbani tumo. Mwenzangu aliyenieleza ni mwanachama wa CHODAWU, chama cha wafanyakazi kinachotuhusu sisi na wa mahotelini. Nilipomwambia mama wa hapa, kwa upole, alinisikiliza. Sasa Jumapili baada ya saa nne naondoka, naenda kwa dada yangu Manzese nasuka nywele, nalala, narudi Jumatatu muda kama huo.

Nilichotaka kusema ni kwamba kazi ya nyumba haiondoki mama akitoka. Inabaki, inamsubiri yeye au inamkuta mwingine. Mkizungumza mapumziko ya mama, mtukumbuke na sisi.

MamaWatatu_Mbagala

Mdogo wangu wa Sinza, asante sana. Nimesoma maneno yako mara mbili. Nilikuwa na dada zamani, kabla huyu wa mwisho hajazaliwa, na sijawahi kumuuliza Jumapili anataka kwenda wapi. Nikipata uwezo wa kuweka mtu tena, hilo la saa 24 nitalisema siku ya kwanza kabla hata ya kuzungumza mshahara.

Nesi, umenishika. Siingii majini. Nakaa na mizigo. Nalinda simu, nalinda viatu, nampa huyu maji, huyu namfuta mchanga, namenya machungwa. Ulivyouliza ndiyo nimeona kwamba pale pwani nafanya kazi ile ile ya nyumbani, nimebadilisha mahali tu. Ndiyo maana kichwa hakitoki nyumbani.

Nesi_wa_Zamu

Basi anza hapo. Mizigo ikae na baba kwa zamu. Wewe vaa dera la zamani, fungia kanga kiunoni, ingia nao mpaka maji yafike kifuani. Mtoto akikurushia maji usoni huwezi kuwaza soksi.

Na yale yanayozunguka kichwani, Jumamosi usiku yaandike kwenye karatasi, yote, hata soksi. Mbele ya kila moja andika siku itakayofanyika. Karatasi iache jikoni, usiibebe. Mimi hili limenisaidia zaidi ya ushauri wote niliowahi kupewa, kwa sababu kichwa kinarudiarudia jambo pale kinapoogopa litasahaulika.

BabaIlham

Naomba wanaume tusikae kimya kwenye mada hii.

Dada, umetuambia kazi yako, kazi ya mume, madarasa ya watoto. Wanaofua umemtaja mmoja tu. Kijana wa darasa la sita ana mikono miwili. Binti wa la tatu anaweza kufua soksi zake na kufuta vumbi. Na shemeji akiwa nyumbani ile Jumamosi kabla ya kwenda bahari, wewe uko bandani unatafuta hela na maji yanatoka. Nani yuko karibu na bomba?

Kwetu Jumamosi asubuhi nafua mimi na wanangu, wasichana wawili na mvulana mmoja. Nimewafundisha kwa utaratibu: nyeupe peke yake, sare zinalowekwa Ijumaa usiku kola zikiwa zimepakwa sabuni ya mche, shati linaanikwa limegeuzwa ndani nje lisipauke, na mashuka yanakamuliwa na watu wawili, kila mmoja anashika ncha. Mwanzoni kola zilikuwa zinabaki na weusi. Mke wangu alitaka kuzirudia, nikamwomba aziache, watoto wakavaa hivyo hivyo, wiki iliyofuata wakasugua vizuri zaidi. Nalisema hili kwa sababu akina mama wengi wanafukuza msaada kwa kurudia kazi iliyofanywa vibaya. Mtoto akiona umerudia, hasugui tena.

Majirani walishangaa mwanaume anaanika sidiria za mkewe. Walishangaa mwezi mmoja, wakaacha. Nguo zangu na za mke wangu zinachafuka kwa jasho la aina moja.

MamaWatatu_Mbagala

Baba Ilham, nimempa mume wangu simu asome mwenyewe. Alisoma akanyamaza, akasema, "Mimi barabarani nafua nguo zangu kila siku kwenye ndoo, hapa nyumbani nilikuwa nafikiri nitakukosea ukiona nashika zako." Nimeolewa naye miaka yote hii, sikuwahi kulisikia hilo. Wala mimi sikuwahi kumwambia afue. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake.

BiMkubwa_Tanga

Marahaba wanangu. Mie ni mtu mzima, wajukuu ninao tele, na pwani ndiko nilikozaliwa. Nina mawili.

La kwanza la wifi. Mwanangu, usimjibu na usimnunie. Mwalike. Mwambie, wifi, mwezi ujao twende wote, wewe ulete mihogo mie nitaleta chai. Mtu anayehesabu nguo kwenye kamba ya mwenziwe mara nyingi hajawahi kuitwa popote. Akija, kheri. Asipokuja, umeshamuonyesha kuwa jambo hili si la kujificha, unalifanya mchana kweupe pamoja na mume na watoto wako. Na mbele ya watoto wako usikubali kuonekana umefanya kosa kwa kukaa nao. Mtoto wa kike wa darasa la tatu anasikia kila neno, na kesho atakuwa mama.

La pili ni la bahari, kwa kuwa umesema tu mnakwenda Jumapili atakayokuwepo baba, hukusema maji siku hiyo yakoje. Watu wa bara hulisahau hili. Tazameni mwezi kabla ya kuondoka. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, tarehe kumi na nne na kumi na tano za mwandamo, ni bamvua. Siku hizo maji hukupwa sana, huku kwetu na huko Dar ni kwenye saa nne asubuhi hivi, kisha hujaa sana kwenye saa kumi jioni. Asubuhi ya bamvua ni nzuri mno kwa watoto: bahari inarudi mbali, wanaokota kaa na makome, wanacheza kwenye vidimbwi vya maji ya vuguvugu. Lakini wavae yeboyebo, kwenye mawe kuna wale wadudu wa miiba myeusi. Na ikifika saa sita, wote wawe upande wa nchi kavu, kwa maana maji yakianza kurudi hupitia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yenu, nanyi mkiwa kwenye fungu la mchanga mnadhani bado ni makavu.

Kila siku maji huchelewa kama dakika hamsini kuliko jana. Kwa hiyo baada ya wiki moja hivi mambo yamegeuka, ni maji mafu: asubuhi maji yako juu, lakini hayaendi mbali wala hayaji kwa nguvu. Siku hizo ndizo nzuri za kumfundisha mtoto kuogelea, maana kina hakibadiliki sana. Huyo kijana wa mbizi mpelekeni siku ya maji mafu. Huyo mdogo mpelekeni asubuhi ya bamvua.

MamaJunior_Mwanza

Nimerudi. Mdogo wangu wa Sinza, sikukasirika. Nimemuuliza wa kwangu leo asubuhi kuhusu siku yake. Akaniambia kuna rafiki yake Buzuruga hawajaonana tangu Pasaka, na wanaishi mji mmoja. Sikuwa na la kusema. Jumapili hii anaenda, sisi tutakula ugali na dagaa niliokaanga mimi, na vyombo ataosha Junior.

MamaWatatu_Mbagala

Bi Mkubwa shikamoo tena, na asante. Nimezaliwa Songea, la bamvua nilikuwa nalisikia tu kwa wavuvi.

Nawaletea mrejesho maana mmenipa muda wenu. Tumekaa na mume wangu na watoto tukagawana. Sare zinalowekwa Ijumaa usiku, kazi ya wa kiume. Jumamosi baba akiwepo anafua yeye na kijana, asipokuwepo kijana anafua sare tu na vingine vinangoja. Binti amechukua soksi, vyombo vya asubuhi na kufunika ndoo, amejiandikia mwenyewe na kubandika ukutani. Jumapili ya bahari hakuna anayegusa beseni, hata tukirudi mapema, hata kama maji yanatoka. Hili la mwisho nimelisema mimi, na nimesema kwa sauti, kwa sababu najijua nikiona bomba linatoa maji mkono unawasha.

Kola za Jumamosi iliyopita zimetoka na weusi. Nimeziacha. Nimekaa juu ya mikono yangu, lakini nimeziacha.

Wifi nimemwalika. Alinyamaza kwanza, akauliza tunaondoka saa ngapi na kama kule kuna kivuli, mguu wake mmoja unavimba akikaa juani. Nikamwambia kuna mikorosho, na mkeka tutautandika chini yake. Hajasema anakuja, lakini hilo la mguu nilikuwa silijui.

Bi Mkubwa, swali moja la mwisho. Nataka safari hii niingie majini kama Nesi alivyoniambia, na mimi sijui kuogelea. Nikiwa na huyu wa miaka minne mkononi, niende mpaka wapi?

BiMkubwa_Tanga

Na wewe usiyejua kuogelea, ukiwa na mtoto usipite magotini kwako. Kifuani ni kwa siku ambayo mtoto yuko kwa baba yake. Mshike kwapani, si mkononi, wimbi huteleza na mkono. Msimame mkiitazama bahari, msiipe mgongo, kila wimbi likija mnaruka pamoja. Mvalishe fulana nyekundu au ya chungwa, mtamuona hata akikimbia kati ya watoto wengine, bluu na kijani hupotea majini. Na mkubwa mwenye kujua kuogelea awe karibu yenu muda wote, mizigo ikae na wifi kivulini.